Fomula Zangu Mtandaoni

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi. Mkuu wa shule amenikabidhi ukurasa wa hesabu kwenye tovuti ya shule. Mimi, si shemeji. Shemeji ni kaka wa mke wangu, anafundisha fizikia darasa la jirani, na anajua kompyuta kupita kiasi. Nimechapa fomula zote kabla ya chai.

Jumanne, 4 Machi
Vipeo vimeshuka. Tano kipeo cha pili inaonekana 52. Wanafunzi thelathini na wanane wameandika kwamba mraba wenye upande wa 5 una eneo la 52. Wawili wamepata 25. Hao hawana intaneti. Shemeji amesema fomula huandikwa kwa alama maalumu, ukurasa ukazipanga wenyewe. Kwa muda wa saa mbili tu, atanionyesha. Nimemwambia nina njia yangu.

Sina.

Jumatano, 5 Machi
Ninayo! Nimeandika fomula ubaoni, nikazipiga picha, nikazipandisha. Kidole gumba kimeingia kwenye picha ya saba. Mwanafunzi mmoja kauliza kama nacho kinagawanywa kwa 2a.

Alhamisi, 6 Machi
Amekuja binti wa kidato cha tatu, asiyeona. Kompyuta yake humsomea kurasa kwa sauti. Wangu imeusoma hivi: picha, picha, picha. Mara kumi na tisa. Jaribio ni Jumatatu. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwalimu, mimi ningeomba fomula."

Jioni nimesimulia nyumbani. Mke wangu ameniambia nimpigie kaka yake. Nimejifanya sikusikia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejirekodi nikisoma fomula zote. Jikoni, mlango nimefunga. Binti amezikariri neno kwa neno. Ameuliza, kwa adabu, kama "sufuria inaungua" iko ndani ya kipeuo au nje.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kamwita kaka yake bila kuniuliza. Ameziandika upya fomula zote kwa saa mbili kweli. Kompyuta ya binti ikasoma kila fomula, kipeo kwa kipeo. Binti akairudisha ya kwanza, akaisikiliza tena, akacheka peke yake. Nilijisikia vizuri mno. Kisha nikamwona shemeji akitabasamu, raha ikapita.

Jumatano, 12 Machi
Binti kapata 91. Kwenye kikao mkuu wa shule ameusifu ukurasa. Nikasimama kupokea makofi. Shemeji naye akapiga makofi, hana hata aibu.

Mkuu akauliza nani ataweka nota za kwaya mtandaoni. Mkono wa shemeji ukaanza kuinuka. Wangu ukawahi.

Nota ni vidoti vyenye mikia. Herufi d na p zinatosha.