Mshenga wa Spoku

Kitendawili. Ukumbi mzima unalijua, wenyewe wawili tu ndio hawalijui. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Matai, nimekwenda, nimekula ugali wa ulezi, nimerudi. Jibu ni mapenzi ya watoto wa shule kwenye video.

Basi miaka ile ya ruksa, video zilipoanza kuingia, asubuhi ya baridi hapa Sumbawanga, Wilibrodi fundi baiskeli, waliyemwita Spoku, alifika kijiweni kwa Monika, mjane muuza kahawa, akakuta habari imeshachemka. Wazazi walikuwa wamevamia banda la video kuwatoa wanafunzi.

"Wakatoa wangapi?" aliuliza Kashinje mfuga ng'ombe.

"Hata mmoja," alijibu Isdori, waliyemwita Redio. "Wamekuta wazee tu. Spoku benchi la mbele, analia."

"Nilikuwa na mafua," alisema Spoku.

"Mafua mara tatu, picha ile ile?"

Kashinje alitikisa kichwa. "Mimi picha ile sikuielewa. Kijana anampenda binti, anaanguka na vitabu, anamwagikiwa soda, halafu anamwendea mwenyewe. Mshenga yuko wapi?"

"Ndiyo utamu wenyewe," alisema Redio. "Angekuwa na mshenga, picha ingekwisha dakika tano."

Spoku aligeuka. "Mbona mimi ninaye, na huu ni mwezi wa pili?"

Mshenga wake alikuwa Redio huyo huyo, na mwanamke aliyetumwa kumposea alikuwa Monika. Spoku, mgane wa miaka hamsini na miwili, hakuwa amelala vizuri tangu amtume.

"Jibu linaiva," alisema Redio.

"Swali umeliuliza?"

Redio alijikuna kisogo. "Kila nikifika ananimiminia kahawa. Naona haya."

"Redio nzima, haina betri," alisema Kashinje.

Monika alikuwa anasuuza vikombe kama hasikii. Spoku akasimama, akamwendea mwenyewe kama yule kijana wa kwenye video. Akajiona, akataka kujicheka, akakanyaga ndoo, maji yakamlowesha suruali.

"Mama Adela," alimwambia Monika, "utakubali nikuoe?"

Monika alikausha kikombe. Akakigeuza, akakikausha tena. Redio akasogea kutaka kusaidia. Kashinje akamvuta koti.

"Kaa, mzee. Hapa ndipo panaponoga."

"Nimekubali," alisema Monika. "Ila kwa wazee wetu kule Msanzi, mtume Kashinje."