Lesikar Alivyoisifu Barabara

Jumanne, 4 Juni 1912

Lesikar amenivunja moyo. Jana sokoni, mbele ya watu waliokuja kumsikia, mwimbaji wetu mkubwa alisema barabara ya Wadachi ni jambo jema. Barabara ile ile niliyoibebea mawe miezi miwili kwa amri ya boma lao la Kijerumani. Miaka mitatu naimba nyimbo zake nikipalilia kahawa. Nilidhani mimi na yeye tunafikiri sawa. Siziimbi tena.

Jumatano, 5 Juni

Tabea, mke wangu, anasema tangu asubuhi nimeimba wimbo wa Lesikar mara nne. Nilimjibu kwamba nilikuwa nakohoa.

Ijumaa, 7 Juni

Nina mpango. Kesho anaimba kijijini Nduruma. Nitasimama njia panda niwarudishe watu. Tabea aliuliza nitapata nini. Heshima, nikasema. Akaendelea kumenya ndizi.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango umefaulu kupita kiasi. Wote walirudi. Wengi walishakasirika kabla yangu; jirani yetu Nkasiogi, aliyempa mwanawe jina la Lesikar, sasa anamwita mtoto Solomoni.

Nikaenda kuitazama aibu yake, nikajificha migombani. Uwanja mtupu. Akaimba vilevile, wimbo wa mama anayengoja mvua. Nikalia, tena kwa sauti. Akanisikia, akaja.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe peke yako umekuja."

Nilitamani ardhi inimeze. Tukakaa. Akaeleza kwamba mama yake alipougua, mganga wa misheni alimwahi kwa sababu ya barabara ile. Nikavua shati nikamwonyesha kovu la begani. Alilitazama, akaniomba radhi kwa mawe ambayo hakunibebesha yeye. Lakini hakubadili neno lake, wala mimi langu. Tuliagana kwa kushikana mikono. Habari ya njia panda sikumwambia. Nilikusudia kumwambia.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani sikuweza kuimba. Tabea alidhani naumwa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata dawa. Naachana na waimbaji, maana wana maneno. Kuanzia leo mtu wangu ni Saruni wa Engutoto, mpiga pembe. Nimeshawatangazia majirani kwamba Saruni anaichukia barabara kama mimi. Tabea aliuliza kama nimewahi kuongea naye.

Sijawahi. Lakini mtu anayepuliza pembe vile hawezi kuwaza tofauti na mimi.