Tulivu, Tulivu Zaidi na Tulivu ya Jioni

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nimejiponza. Mezani leo Baba Mkwe katangaza kwamba anakwenda kupasuliwa jicho, na duka lake la tumbaku ya kiko ataliacha mikononi mwa mtu mmoja. Ama mimi, ama shemeji yangu, mwanawe wa kuzaa. Atakayekosa atapelekwa kwenye banda la kukaushia majani, huko porini, mpaka Baba Mkwe atakapoona inatosha.

Shemeji akasema yeye anaitambua michanganyiko yote mitatu ya duka, Tulivu, Tulivu Zaidi na Tulivu ya Jioni, kwa kuinusa tu. Akaivimbisha ile pua yake. Sikuvumilia! Nikasema mimi naitambua kwa ladha, tena nikiwa nimefumba macho. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza. Kachelewa. Baba Mkwe alishanikazia lile jicho lake zima. Akasema vizuri, Jumamosi asubuhi mtafungwa vitambaa.

Sijawahi kuvuta kiko maishani mwangu. Huwa nakibana tu menoni, kitupu, nionekane mkwe wa maana.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Mazoezi, nyuma ya bafu. Tulivu: ladha ya godoro linaloungua. Tulivu Zaidi: godoro lilelile, labda limemwagikiwa asali. Tulivu ya Jioni: sijui, sikufika huko. Ulimi uliwaka moto, ukuta ukaanza kutembea. Mke wangu kanikuta nimekaa juu ya ndoo, nina rangi ya jivu. Akauliza amwite daktari au awaite ndugu zangu. Nikamwambia niko kazini.

Shemeji akapita, akaeleza bila kuulizwa kwamba utamu wa Tulivu Zaidi huja mwishoni, kwenye ncha ya ulimi, na kwamba Tulivu ya Jioni ina harufu ya moshi wa kuni uliolala. Moshi unalala! Mtu wa namna hii nitamweza vipi?

Jumatano, tarehe 6 Machi
Nimepata akili! Kama hazitofautiani, nitazitofautisha mimi. Baba Mkwe kaenda kwa daktari wa macho, duka nimebaki nalo peke yangu. Karafuu iliyosagwa nikaitia kwenye mkebe wa Tulivu Zaidi. Ganda la chungwa nikalikatakata, likaingia kwenye Tulivu ya Jioni. Tulivu nikaiacha kama ilivyo. Kidogo tu, nilijiambia. Lakini mlango ukagongwa, nikashtuka, karafuu ikamwagika yote. Kumbe upepo. Ukagongwa tena, nikaruka na mkebe kifuani. Paka. Nikajikuta nikimwomba radhi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Balaa! Kaja Kamanda. Huyu ni polisi mstaafu, mteja wa Tulivu ya Jioni tangu kabla sijaoa. Akikusalimu tu, unatamani kukiri kosa, lolote lile. Nikamwambia Tulivu ya Jioni imekwisha. Akanyoosha fimbo kuelekea mkebe uliojaa nyuma yangu. Nikasema huo ni wa maonyesho.

“Kijana,” akasema polepole, “unanificha nini?”

Nikampimia. Kaondoka nayo. Sijala tangu hapo. Kila pikipiki ikisimama nje, najikuta chini ya kaunta.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Kamanda hajarudi. Nikaogopa labda amekufa. Baadaye nikaogopa kwamba hajafa. Nikamtuma mke wangu apite mbele ya nyumba yake kama mtu anayepunga upepo. Karudi na habari kwamba yupo dirishani, anakitazama kiko chake. Anakitazamaje, nikauliza. Akasema, kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

Heri moja tu: Baba Mkwe ana mafua, hanusi kitu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Kitambaa machoni, kiko mdomoni. Karafuu ikanipiga usoni. “Tulivu Zaidi!” Sahihi. Chungwa. “Tulivu ya Jioni!” Sahihi. Kilichobaki hata mtoto angekijua. Baba Mkwe akanitia ufunguo wa duka kiganjani. Ulikuwa baridi. Mzuri!

Zamu ya Shemeji. Akavuta kiko cha kwanza, akakitoa mdomoni, akajivua kitambaa.

“Baba, hii si yetu.”

Baba Mkwe akafoka. Majani kayakata kwa mikono yake mwenyewe, leo aambiwe si yake? Shemeji akang’ang’ania, machozi yakimlengalenga. Nilimwonea huruma. Si sana, maana ufunguo nilikuwa nao.

Mlango ukafunguliwa. Safari hii si upepo, wala si paka. Kamanda akaweka kitu kidogo, kimeungua, juu ya kaunta. Ganda.

“Nani anapika matunda kwenye tumbaku yangu?”

Wote wakanigeukia. Kwa nini mimi?

“Panya,” nikasema.

“Panya anamenya chungwa?”

“Wapo wa hivyo.”

“Na karafuu je?” akauliza Shemeji.

Ufunguo ukaanguka wenyewe. Baba Mkwe hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Alimshika mwanawe bega, akamwomba msamaha mbele yetu sote, akasema pua hiyo ni ya marehemu mama yake. Kisha akaniambia, kwa upole wa kutisha, kwamba lori la bandani linaondoka kesho.

Mke wangu kanifungia nguo. Mwisho akasema, “Si ungesema tu hujui?”

Nikamwambia ningesema hivyo, watu wangejua sijui.

Jumatatu, tarehe 11 Machi
Banda ni refu kuliko nilivyodhani. Ndani giza, joto, majani yamening’inia kwenye boriti mpaka juu kabisa, mahali ambapo macho hayafiki. Zinalia, hizo boriti. Msimamizi ni mama mmoja mnene, mpole, simwogopi hata kidogo. Nikajiambia hapa nitatulia, nitafagia, nitanyamaza.

Asubuhi akatukusanya. Akauliza nani anaweza kupanda boriti ya juu kabisa kugeuza majani, maana aliyekuwa akipanda yuko hospitali. Jirani yangu wa kitanda cha pili, jamaa mmoja mwembamba mwenye majivuno, akaanza kuinua mkono. Eti yeye!

Nikasema mimi nimekulia juu ya boriti. Napanda hata nikiwa nimefumba macho.

Msimamizi akafurahi sana. Anatafuta ngazi. Nasikia wanaiburuta kutoka nje, na bado haijaisha kupita mlangoni.