Mayai Ishirini kwa Mkono wa Kushoto

Jumatano, 17 Aprili 2019
Gabrovo. Mvua. Bi Stoeva, mkuu wetu wa chekechea, katangaza kwamba Alhamisi Kuu atakuja mkaguzi. Mkaguzi asiporidhika, saa yangu ya kuchora ya kila Ijumaa atapewa mwalimu mwenzangu Tsvetanka na kodiani yake, awafundishe watoto kucheza ngoma. Saa yangu! Siku nyingine zote kazi yangu ni kuvalisha watoto soksi. Ijumaa tu ndipo ninapoitwa msanii, na naipenda saa hiyo kuliko ninavyoweza kukiri mbele za watu.

Nikamkumbusha Tsvetanka kwamba nimefundisha rangi miaka kumi na mmoja. Akacheka. "Eti rangi! Bwana Metodi, watoto wako wanajua rangi moja tu, ya matope." Wivu huo.

Mpango: mayai ya Pasaka kwa mitindo ya wachoraji mashuhuri. Watoto ishirini, mayai ishirini.

Ijumaa, 19 Aprili
Mpishi Minka alichemsha mayai. Sita yakapasuka. Akachemsha mengine, akaninunia.

Niliwaonyesha watoto alizeti za Van Gogh. Bilyana, miaka mitano, akauliza kama mwenye maua alisahau kuyamwagilia. Nikahamia kwa Mondrian: nyekundu, buluu, njano, mistari iliyonyooka, basi. Mwenzake Kamen akachora trekta. Nikaeleza kwamba nyekundu na buluu huzaa zambarau. Wakachanganya nyekundu, buluu na kila kilichokuwa mezani. Mayai ishirini, yote matope! Tsvetanka akachungulia mlangoni, akauliza kama leo tunavuna viazi. Nimeyaficha kwenye kabati la jikoni.

Jumatatu, 22 Aprili
Nimepata! Nitapaka mengine mwenyewe, nyumbani, na mbele ya kila yai niweke jina la mtoto. Huo si udanganyifu, ni msaada. Natumia mkono wa kushoto ili ionekane kazi ya kitoto. Tena siyachemshi. Yakichemshwa hupasuka, na nani atakula maonyesho? Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Jumatano, 24 Aprili
Yote tayari, yamepangwa ukumbini. Nusura nilie. Yai la Kamen, kwa mtindo wa Kandinsky, limetoka vizuri hadi nikamwonea wivu mtoto wa watu. Bilyana akasema lile si lake, lake lina mbwa. Nikamjibu kwamba rangi ikikauka hubadilika. Akaniangalia kama bibi yake anavyomwangalia muuza nyama.

Alhamisi, 25 Aprili
Siku mbaya.

Ilianza vizuri. Mkaguzi Haralampiev, bwana mnene mwenye tai nyeupe, alisifu yai moja moja. Tsvetanka akafunga kodiani. Mkaguzi akamuuliza Kamen alichanganya rangi gani. Kamen akasema zote. Mkaguzi akafurahi mno, akalinyanyua yai la Kamen. "Haya, Bi Stoeva, chukua lako tugonganishe! Tuone la nani gumu!"

Nikapiga kelele kwamba kwa desturi mayai hugonganishwa Jumapili ya Pasaka. Akasema Jumapili watoto watakuwa kwao, na Mungu haweki kinyongo. Bi Stoeva akachukua la Bilyana. Wakagonga.

Yai bichi likamwagika: tai, koti, kiatu. Kisha sauti ya Bilyana, safi kabisa: "Njano!" Angalau hilo nililifundisha. Akaongeza, "Nilisema si langu!"

Kamen akakimbia jikoni, akarudi na sinia la mayai ya matope. Watoto wakayavamia, kila mmoja akalitambua lake. Mkaguzi, amefungwa taulo shingoni, aligonganisha na wote ishirini akicheka mpaka machozi. Alipoondoka aliomba yai la trekta.

Bi Stoeva akaniita pembeni. "Metodi, saa inabaki, maana mkaguzi kawapenda watoto. Ila brashi washike wao. Wewe usiiguse!" Nikaapa. Tsvetanka akanipa leso, nikaikubali.

Jumapili, 28 Aprili
Kristo kafufuka. Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: mkaguzi anapenda matope, mimi nikampa Kandinsky.

Tarehe 24 Mei, sikukuu ya alfabeti, anarudi kutazama picha. Bi Stoeva kakataza brashi. Sifongo hakuitaja. Picha ya kwanza ya matope inakauka dirishani, nimeipaka kwa mkono wa kushoto, ina trekta mbili. Kamen kapiga hatua kubwa sana.