Nilivyomtangaza Alistidia Kabla ya Kumuuliza

Jumapili, 6 Julai

Huu mdomo utaniua.

Leo baada ya misa tulikuwa mtaa wa Bilele, hapa Bukoba, kwenye kibanda cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Audax anasifiwa. Audax mwenye spika nne kubwa kama makabati, mpinzani wangu katika kazi hii ya kukodisha vyombo vya muziki. Mwezi uliopita alileta kijana wa bongo fleva kutoka Mwanza, na mpaka leo watu wanamwita Mkurugenzi. Mimi nina spika mbili, moja inakohoa. Hakuna anayeniita chochote.

Wakaanza kukumbuka matamasha ya zamani. Hawakuchelewa kufika kwa Alistidia na ile siku ya mwaka tisini na saba kule Muleba, mvua ya El Nino ilipozima jenereta, naye akaendelea kuimba bila maikrofoni, na uwanja mzima ukabaki unalowa. Tangu siku hiyo hajapanda jukwaani. Kila mmoja alisema angemwona hata mara moja tu, angeridhika. Nami nikasema nilikuwepo, kama ninavyosema siku zote. Ukweli nilikuwa kitandani na malaria.

Kisha nikasikia mtu anatangaza kwamba Alistidia ataimba Jumamosi hii, saa tisa alasiri, uwanja wa Kibeta. Huyo mtu alikuwa mimi.

Mzee Byarugaba, askari magereza mstaafu, akanishika mkono na hakuuachia. Machozi yanamtoka, vidole vinanibana. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Akasema vizuri, maana mtu akimdanganya juu ya Alistidia, hajui atamfanya nini.

Mkono bado unauma.

Jumanne, 8 Julai

Muleba. Nimempata! Nimempata, na bora nisingempata.

Nilitegemea mama mnene mwenye hereni. Nikaelekezwa shambani kwa mwanamke mwembamba, mvi kichwa kizima, mabuti ya mvua miguuni, anapunguza majani ya migomba kwa panga. Nikapiga goti moja. "Shikamoo, mae waitu, mama yetu." Akaitikia bila kugeuka. Nikamweleza kwamba Bukoba nzima inamlilia. Panga likaendelea. Nikamweleza kwamba nina vyombo vya kisasa. Nadhani aliijua ile spika inayokohoa, sijui kwa njia gani.

Akasema siku ile ya mvua sauti ilipasuka na haikurudi kama ilivyokuwa. Watu wanamkumbuka akiwa na sauti ile. Waache waendelee nayo. Sasa anawaimbia kuku, na kuku hawalinganishi.

Nikathubutu kusema kwamba tayari nimeshatangaza.

Hapo ndipo aligeuka. Akaninyooshea panga, taratibu, kama mwalimu anayenyoosha fimbo ubaoni. "Baba, ukilitumia jina langu, nitakuja mwenyewe."

Nilirudi barabarani kinyumenyume. Nikaangukia shimo la mbolea.

Jumatano, 9 Julai

Mtu mwenye akili angetangaza kwamba mwimbaji anaumwa. Nilitoka nyumbani kwenda kufanya hivyo. Mlangoni nikamkuta mzee Byarugaba. Amekuja kunionyesha shati. Shati la njano alilovaa siku ile ya mwaka tisini na saba, amelitunza kwenye sanduku miaka yote, leo amelipiga pasi. Akaniomba nilishike. Nikalishika. Nililishika kwa vidole viwili, akadhani ni heshima.

Akaniambia kuna lori linatoka Kamachumu limejaa akina mama.

Nikarudi ndani nikalala chali sakafuni. Mke wangu Renatha akauliza nimefanya nini tena. Nikasema sijafanya kitu. Akasema nikilala sakafuni huwa nimefanya kitu.

Nikiwa hapo chini, wazo likaja. Shangazi Joviana! Ana miaka sitini na mitatu, ana umbo, hajawahi kumwogopa mtu. Miwani myeusi, wigi, kanga ya kung'aa. Nyimbo za Alistidia ninazo kwenye kaseti. Nazihamishia kwenye flashi. Shangazi anachezesha mdomo tu.

Alhamisi, 10 Julai

Shangazi amekubali kabla sijamaliza sentensi. Amesema tangu usichana wake alijua siku hii itafika. Ila yeye ni Mkatoliki safi, hivyo alikwenda kwanza kuungama. Padri akamwambia dhambi haiungamwi kabla haijatendwa. Amerudi na hasira. Padri naye sasa anajua!

Nimehesabu watu wanaoweza kuniangamiza: mzee Byarugaba, akina mama wa lori, padri, Audax, na yule mwenye panga. Kila pikipiki ikipita, natazama abiria kama amevaa mabuti.

Ijumaa, 11 Julai

Audax amepita dukani kwangu. Mpole! Audax hawi mpole bure. Akauliza kama nahitaji kuazimwa spika zake, maana umati utakuwa mkubwa. Nikamwambia vyombo vyangu vinatosha. Akatabasamu. Akasema atakaa mbele kabisa, asikie kila neno.

Sijala. Renatha amepika matoke na maharage, nimeyatazama tu kama picha.

Jumamosi, 12 Julai, jioni

Naandika nikiwa na jicho moja lililofumba.

Watu! Sijawahi kuona Kibeta watu namna ile. Akina mama wa lori wamevaa sare. Mzee Byarugaba mstari wa kwanza, shati la njano, vifungo vyote. Audax pembeni yake, mikono kifuani.

Shangazi akapanda. Vigelegele! Wengine wakalia. Nikabonyeza flashi, wimbo wa kwanza ukatoka, na kwa dakika nne nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote mkoa wa Kagera. Mzee Byarugaba alikuwa amefumba macho.

Wimbo ukaisha. Flashi ikaingia faili linalofuata.

Bojo, jamani! Nilisahau. Flashi ile ile ndiyo ninayorekodia matangazo ya wafanyabiashara wa sokoni. Ikatoka sauti yangu mwenyewe, nene, kwa sauti ya juu kabisa: "Panya, mende, kunguni, viroboto! Dawa ni moja, wote chali!"

Shangazi hakusikiliza maneno. Alifumba macho, akaweka mkono kifuani, akaendelea kuchezesha mdomo kwa uchungu. Kunguni. Viroboto. Akayumba kidogo kwenye "wote chali". Alitikisa kichwa kwa huzuni hadi wigi likadondoka.

Akina mama wa lori wakasimama. Kisha Audax akacheka, na kicheko kikazimwa na kelele. Chupa ya kwanza ilinipata jichoni. Shangazi akaruka kutoka jukwaani kama msichana, akapotelea migombani. Mimi nikaingia chini ya jukwaa. Nikaona viatu vya mzee Byarugaba vinakuja, polepole, na sauti yake ikiniita jina langu lote pamoja na la baba yangu. Nikaanza kusali. Nikasahau maneno katikati.

Kisha viatu vikasimama. Kelele zikapungua. Juu yangu mbao zikalia. Kupitia nafasi kati ya mbao mbili nikaona mabuti ya mvua.

Amekuja. Alisema atakuja!

Akashika maikrofoni, akataja jina lake. Watu wakazomea. Wamechoka na Alistidia wa uongo, na huyu ni mwembamba, sauti imekwaruza. Mtu akapiga kelele kwamba ashuke. Mzee Byarugaba akanyamazisha uwanja kama gereza. Akamwambia yule mwanamke kwamba kama ni Alistidia kweli, aseme nani alisimama karibu naye ile siku ya mvua.

Mabuti yakasogea hadi ukingoni mwa jukwaa.

"Kuna kijana alipanda na jani la mgomba," akasema. "Alinishikia juu ya kichwa mpaka nikamaliza. Alikuwa na shati la njano, anatetemeka kwa baridi. Nilikuwa naogopa radi. Sikuwahi kumuuliza jina."

Mzee Byarugaba akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Baadaye alisema hajawahi kumsimulia mtu yeyote jambo lile.

Alistidia aliimba wimbo mmoja, bila maikrofoni. Sauti ilikuwa nusu. Mahali ilipokatika, akina mama wa lori waliinyamazia, wakamsubiri, akaendelea. Hakuna aliyecheza. Mimi niliona mabuti tu, kisigino cha kulia kikihesabu mapigo, na tope kavu likinidondokea usoni kidogo kidogo. Nililia. Jicho lilikuwa linauma, lakini hata lile lingine lililia.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda Muleba kuomba radhi. Renatha alinisindikiza ili nisitoroke. Mae Alistidia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa kikapu, nikachuma kahawa kutwa. Jioni akasema amenisamehe. Mwezi wa nane ataimba tena, pale Muleba, mzee Byarugaba ndiye mshereheshaji. Spika za Audax.

Nimeapa mbele ya mke wangu: sitafungua tena mdomo juu ya mwanamuziki yeyote.

Jumatano, 16 Julai

Kinyozi. Nilikwenda kunyolewa tu! Nimekaa kimya nusu saa nzima. Wateja wakaanza kumzungumzia Mwesiga, yule mpiga kodiani wa Kamachumu, jinsi alivyoipigia harusi ya watu elfu moja hadi mwisho akiwa na vidole viwili vilivyovunjika. Hakuna aliyemwona kwa miaka ishirini. Mmoja akasema kwa huzuni kwamba alishafariki.

Nikasikia mtu anacheka kwa dharau na kusema hajafariki hata kidogo, na Jumapili hii atapiga kule Ijuganyondo.

Kinyozi akazima mashine. Wote wakageuka kunitazama, nusu ya kichwa changu ikiwa bado haijanyolewa.

Kesho alfajiri naenda Kamachumu kuangalia kama kweli kuna kaburi.