Mratibu wa Kanda na Mashine Kumi na Mbili

Kabla hatujaanza, tegua hili: mdomo wake unalala kwenye godoro la sponji, mgongo wake unalala sakafuni. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikishakula na kunywa humo nitakwambia. Ni Bwana Hakika.

Hakika halikuwa jina alilopewa na wazazi. Watu walimbandika kwa sababu kila uongo wake aliutanguliza na neno hilo, kama mtu anayebisha hodi kabla ya kuingia kuiba. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, meno yote, koti moja la heshima, na makazi yake yalikuwa sebuleni kwa dada yake, kati ya sofa na friji. Sofa lilikuwa fupi, kwa hiyo alilala chini. Friji ilikuwa kuukuu, na kila baada ya muda ilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa na kumtetemesha na yeye.

Jumatatu asubuhi dada mtu, karani wa posta na mwanamke asiye na mchezo, alisimama juu yake na kikombe cha chai mkononi. Chai yenyewe haikuwa ya Hakika.

"Jumamosi wakwe zangu wanakuja," alisema. "Baba mkwe na mama mkwe. Nataka sebule yangu iwe sebule."

"Dada yangu, hakika mimi..."

"Usinihakikishie. Ijumaa jioni uwe umeshahama. Na ukitoka sasa hivi, uniletee misumari ya inchi mbili, mlango wa stoo umelegea."

Hakika alitoka akiwaza. Dalali wa vitu vilivyotumika alikuwa na chumba nyuma ya duka lake, chumba chenye dirisha na kufuli, na tangu zamani alikuwa amemwambia: niletee mashine za kushona nzuri, kuanzia kumi, na chumba ni chako mpaka uzeeke. Dalali huyo hakuwa na tabia ya kuuliza kitu kimetoka wapi. Shida ilikuwa moja tu, mashine kumi za kushona haziokotwi barabarani.

Lakini bahati ya mjanja haina adabu. Muuza vifaa vya ujenzi alimfungia misumari kwa karatasi, na Hakika, aliyekuwa na mazoea ya kusoma chochote kinachopita mbele ya macho yake, akaisoma karatasi hiyo huku akitembea. Ilikuwa ukurasa wa jarida la mtandao wa klabu za huduma, zile klabu kumi na moja za kanda ambazo wanachama wake hujitolea kusaidia zahanati, shule na wazee. Misumari ilikuwa imetoboa pembe ya juu, penye tarehe, lakini habari yenyewe ilisomeka vizuri. Klabu ya Mkono kwa Mkono imepokea msaada wa mashine kumi na mbili za kushona. Mashine zimehifadhiwa ukumbini. Wanachama wanamsubiri kwa hamu Mratibu mpya wa Kanda, ambaye hawajapata kumwona.

Hakika alisimama katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli akamtukana.

"Hawajapata kumwona," alirudia taratibu. "Maskini ya Mungu. Basi wamwone."

Jumanne saa tatu asubuhi alikuwa ukumbini, ndani ya koti, na faili tupu kwapani. Alipokelewa na mwenyekiti wa klabu, bibi mfupi aliyekuwa mkunga kwa miaka arobaini na ambaye bado alimtazama kila mtu kama anayekadiria uzito wake wa kuzaliwa. Pembeni yake alikaa katibu, fundi saa, mzee mwenye miwani minene na maneno machache.

"Shikamoo mama," alisema Hakika. "Mimi ndiye Mratibu wenu wa Kanda."

Bibi mkunga alimwangalia. Fundi saa alimwangalia. Kisha wakaangaliana wao kwa wao, kitambo kidogo tu, muda wa mtu kumeza mate.

"Marahaba, baba," alisema bibi mkunga. "Kumbe ndiwe. Karibu sana. Tukusaidie nini?"

"Hakika ni jambo dogo. Zile mashine kumi na mbili. Kanda imeamua mashine zote zije makao makuu zipigwe muhuri, halafu zirudi."

"Zipigwe muhuri," alisema fundi saa.

"Muhuri wa kanda. Kwa chini, mahali pasipoonekana."

"Kama hapaonekani, nani atajua umepigwa?"

"Ndiyo usalama wenyewe, mzee wangu."

Fundi saa alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Bibi mkunga akatabasamu, na tabasamu lile, wanawake wote waliowahi kuzalia mikononi mwake wangemwambia Hakika, lilikuwa linakuja kabla tu ya kuambiwa usukume.

"Hapana tatizo, mwanangu. Ila desturi yetu unaijua kuliko sisi. Mgeni wa kanda hakabidhiwi kitu cha klabu mpaka achafuke mikono. Kazi moja kwa kila mwanachama. Na sisi tuko tisa."

"Hakika naijua," alisema Hakika, ambaye ndiyo kwanza anaisikia.

Alipiga hesabu kichwani. Kazi tisa, siku tatu, kisha chumba chenye dirisha na kufuli mpaka azeeke. Ni nini kwa mwanaume mzima? Akavua koti.

Kazi ya kwanza ilikuwa mtaro wa zahanati. Mtaro ule ulikuwa umeziba tangu mvua za mwaka juzi, na ndani yake mlikuwa na matope, makopo, kandambili moja, na chura aliyejiona mwenye nyumba. Hakika alichimba mpaka adhuhuri. Wanachama tisa, ambao kwa pamoja walikuwa na magoti mazuri manne, walikaa kivulini wakimtia moyo.

"Mratibu, umeacha kidogo pale kona."

"Wapi, mama?"

"Hapo chura alipohamia."

Mchana akapaka chokaa uzio wa shule. Jioni akahamisha kabati la nyaraka kutoka chumba cha mkono wa kulia kwenda cha kushoto, kisha fundi saa akalitazama kwa muda mrefu na kusema lilipendeza zaidi kule lilikokuwa. Jumatano akafua blanketi sitini za wodi kwa miguu, kama anayecheza ngoma isiyokwisha. Akageuza magodoro. Akamsomea bibi mmoja asiyeona barua za mwanawe, zote, pamoja na zile ambamo mwana alikuwa anaeleza bei ya mabati, na bibi akamwomba arudie hapo kwenye mabati.

Kazi ya saba ilikuwa kucha. Katika makao ya wazee kulikuwa na mstari wa vikongwe kumi na wanne, kila mmoja na beseni lake. Wa kwanza alikuwa dereva wa treni mstaafu mwenye kucha za vidole vya miguu ngumu kama pembe.

"Kata taratibu, kijana," alisema. "Hicho kidogo kina historia."

"Hakika, babu."

"Yule wa mwaka jana hakukata vizuri. Alikuwa na haraka."

"Nani wa mwaka jana?"

Bibi mkunga alikohoa, akasema babu huyo huchanganya mambo, na akamsogezea Hakika beseni la pili. Laiti angesikiliza! Lakini mtu anayewaza dirisha na kufuli masikio yake huwa yamekwisha kuhamia huko mbele.

Alhamisi wakampeleka kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, awe mgonjwa. Wanafunzi walikuwa ishirini, wote na bandeji. Wa kwanza alimfunga mguu uliovunjika, wa pili akamfunga mkono, na kufikia saa tano alibaki pua tu. Wakambeba kwa machela kuzunguka uwanja. Walimwangusha mara mbili. Ya kwanza kwa bahati mbaya, ya pili mkufunzi alitaka kuwaonyesha jinsi isivyotakiwa.

"Unasikia maumivu wapi?" mkufunzi aliuliza.

"Mgongoni," alisema Hakika ndani ya bandeji.

"Safi sana. Mmeona? Anaigiza vizuri."

Ya tisa sina haja ya kuieleza. Ilihusu bata na kisima, na wote wawili walishinda.

Ijumaa asubuhi makasha kumi na mawili yalikuwa mlangoni mwa ukumbi, yamepigiliwa misumari na kufungwa kamba. Hakika alijaribu kuinua moja, mgongo ukatoa sauti ya mlango wa zamani.

"Acha, baba, acha," alisema bibi mkunga. "Umeshatumika vya kutosha. Wapakiaji wapo."

Kwa hiyo hakujua uzito wa kasha hata moja. Vijana wa sokoni walipakia kwenye gari la klabu, fundi saa akashika usukani, na Hakika akaketi kando yake akiwa amepinda kama alama ya kuuliza. Kabla hawajaondoka wanachama wote tisa walimpigia makofi, na mmoja akampiga picha.

Walipofika kwa dalali fundi saa aliangalia duka juu mpaka chini.

"Ndiyo ghala la kanda hili?"

"Hakika."

"Mbona linauza masufuria?"

"Ya kanda hayo."

"Na choo cha kukaa pale dirishani?"

"Cha mratibu aliyepita."

Vijana waliopanda nyuma walishusha mzigo, fundi saa akampa Hakika mkono, akaondoka bila kugeuka nyuma, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hakika alidhani ni barabara mbovu.

Dalali akaleta nyundo, akang'oa mbao za kasha la kwanza. Ndani mlikuwa na miwani. Miwani ya zamani, mamia, mikubwa na midogo, myeusi, ya dhahabu ya uongo, mingine imefungwa kwa uzi. Kasha la pili, miwani. La tatu, miwani. Juu ya la nne palikuwa na barua.

"Soma," alisema Hakika, akaketi sakafuni.

Dalali, ambaye macho yake yalikuwa mabovu tangu ujana, aliisogeza barua karibu, akaisogeza mbali. Kisha akachota miwani kasha la kwanza, akajaribu moja, akajaribu nyingine. Ya saba ilimkaa. Akasoma kwa sauti, polepole, kwa furaha ya mtu anayeona herufi kwa mara ya kwanza baada ya miaka:

"Mgeni wetu mpendwa. Ile habari, ambayo bila shaka uliisoma jaridani, ni ya mwaka jana. Mratibu wa Kanda alikwisha kuja, ni mtu mfupi mwenye meno ya bandia, na alikata kucha kwa haraka. Mashine tuligawa siku hiyohiyo, kina mama wanashonea mpaka leo. Desturi ni kazi moja tu kwa mgeni. Hizo nane nyingine zilikuwa zetu, magoti yanatusumbua. Polisi hatukuita, polisi wangekukalisha bure na sisi tuna mambo mengi. Miwani hii tumekusanya kwa ajili ya wasio nayo, inataka kupangwa kwa vipimo. Tunajua utaipanga vizuri. Ahsante kwa saa thelathini na moja."

Dalali alikunja barua. Akamtazama Hakika kupitia miwani mpya, kutoka utosini mpaka viatuni.

"Kumbe ndivyo ulivyo," alisema. "Miaka yote nilidhani una sura ya kuaminika."

"Na chumba?"

"Chumba gani?"

Jumamosi asubuhi Hakika alirudi kwa dada yake kuchukua mswaki wake. Alikuwa amepanga kuingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kabla hajaonekana, lakini wakwe walikuwa wamewahi. Baba mkwe, mzee mrefu mwenye sauti ya mhubiri, alikuwa amekaa kwenye sofa fupi, simu mkononi, akimwonyesha mkewe kitu.

Aliinua macho. Akaangalia simu. Akainua macho tena, akasimama.

"Ni yeye."

Hakika alianza kurudi nyuma.

"Mama, njoo uone, ni yeye huyu. Toleo jipya la jarida la kanda, limetumwa jana usiku. Angalia picha. 'Mgeni aliyejitolea saa thelathini na moja ndani ya siku tatu.' Mwanangu, ndugu huyu anakaa hapa?"

Dada mtu alikunja mikono kifuani. Alimtazama kaka yake, mgongo uliopinda, chokaa masikioni, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alionekana mwenye raha.

"Alikuwa anahama, baba."

"Ahame aende wapi? Mtu wa namna hii? Hata mara moja. Sisi tutalala chumba cha watoto, yeye abaki hapahapa alipo, na mtu asimguse." Mzee alimshika Hakika bega, palepale machela ilipomwangushia. "Mimi ni mweka ratiba wa klabu ya mji wetu. Tuna vyoo vya shule vya kuchimba, mashimo manne, na tulikuwa tunahangaika tutampata nani. Tunaanza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Utakuja?"

Hakika alimwangalia mzee. Akaangalia mlango. Akaangalia nafasi yake kati ya sofa na friji, aliyoambiwa sasa ni yake na asiguswe.

"Mwambie, kaka," alisema dada yake taratibu. "Mhakikishie."