Malalamiko Kuhusu Chasi Moja Iliyoninyang'anya Kazi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Kiwanda cha Magari ya Fahari na Kimbunga.

Shikamoo. Niwie radhi kwa kukuandikia bila kujuana. Nimemaliza shule miezi minne iliyopita na kusema mbele ya wakubwa hunishinda, ila kwenye karatasi najitahidi.

Gazeti lilieleza kwamba Fahari ilikuwa inakufa kwa kukosa wanunuzi, nawe umeifufua kwa kuiweka juu ya chasi moja na Kimbunga: juu bodi mbili, chini gari moja. Hongera. Ila hukuuliza ni nani aliyekuwa akiishi kwa tofauti ya magari hayo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Baba yangu ana gereji ya Fahari tupu. Baba mdogo, nduguye wa tumbo moja, ana gereji ya Kimbunga tupu, ng'ambo ya barabara. Hawajasemeshana miaka sita, tangu baba mdogo aiite Fahari "sufuria lenye taa". Anayebeba maneno ni mimi. Baba akisema, "Mwambie huyo bwana Kimbunga yake inakohoa, aipeleke kwa daktari wa kifua," navuka na kusema, "Baba anakuulizia hali." Baba mdogo akijibu, "Mwambie kikohozi si jeneza," narudi na kusema hajambo. Kazi hii inataka adabu na kumbukumbu, nami nilikuwa naiweza.

2. Mwezi uliopita ililetwa Fahari mpya iliyogonga shimo. Baba akaagiza shokapu. Likaja boksi lenye nembo ya Kimbunga. Akalirudisha mara tatu, akimwambia muuza spea kwamba yeye si mtoto wa kuchezewa. Mara ya nne akaifunga. Ikakaa kama pete kidoleni. Siku hiyo baba hakula chakula cha mchana.

3. Tangu hapo maneno yamekauka. Baba akitaka kuitukana Kimbunga anakumbuka kwamba anatukana shokapu aliyoifunga kwa mkono wake. Jana nilipewa ujumbe mmoja tu: "Mwambie... basi, acha." Niliufikisha kama ulivyo. Baba mdogo akafikiri sana, akajibu, "Mwambie hata mimi."

4. Baba aliniahidi kunifundisha ufundi siku nitakapopata nafasi. Sikuwahi kuipata kwa sababu ya kuvuka barabara. Sasa nafasi ninayo tele, nakaa juu ya tairi mlangoni tangu asubuhi, wala hakuna aliyeikumbuka ahadi ile. Kumkumbusha naona haya. Kwa hiyo kazi ya ujumbe imenitoka na ufundi sijaupata.

5. Mama anasema ndugu hawa wawili walitoka kwenye chasi moja tangu kuzaliwa, pua moja, ubishi mmoja, na haijawafaa kitu. Naomba wahandisi wako walitafakari hilo.

Kwa heshima zote, naomba mbadilishe walau bolti moja. Fahari iwe na saizi yake na Kimbunga yake. Wakipata bolti ya kugombania, mimi nitarudi kazini.

Nisalimie wahandisi, makarani, na mlinzi wa getini atakayeishika barua hii kwanza. Mama angekusalimu pia kama angejua ninaandika.

Wako mtiifu,
Binti wa fundi wa Fahari, na wa fundi wa Kimbunga pia, kwa kuwa baba mdogo ni baba.

N.B. Samahani kwa alama ya grisi. Nilikuwa sijafunga bahasha, Fahari ile ikarudi, na kuna bolti nyuma ya injini ikamshinda baba. Akapaza sauti yeye mwenyewe hadi ng'ambo: "Wewe! Hii kwenu mnaifunguaje?" Baba mdogo akavuka mbio na spana. Mikono yao ni minene sawasawa, yote ikakwama. Wakalaumiana uso kwa uso, bila mjumbe, halafu wote wawili wakaitazama mikono yangu.

Nimeifungua. Nimeambiwa kesho nije na ovaroli.

Tafadhali msiguse saizi ya bolti yoyote. Na ile ya nyuma ya injini iacheni palepale, mkono mnene usiifikie.